Mtungi Uliojaa Mpaka Juu

Wenzangu wa baraza ya mtaa wetu wa Malindi, tangu nirudi wiki iliyopita kila mtu ana hadithi yake. Mmoja anasema niliunguza gari. Mwengine anasema nimeoa Kizimkazi. Wa tatu, ambaye hata kuniuliza hakuniuliza, anasimulia kwamba nilimtupa Bi Rukia shamba nikarudi na gari peke yangu. Gari halikuungua, sijaoa, na Bi Rukia kabaki huko kwa hiari yake. Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitampa karatasi asome, nami ninywe kahawa yangu ingali moto.

Kwa asiyemjua: Bi Rukia ni jirani yetu, mwanamke wa miaka sitini na ushei, mtu wa Malindi tangu babu zake waliokuja kutoka Arabuni na mali. Mali ilikwisha, yakabaki mapishi. Bi Mize wa Kizimkazi ni ndugu yake wa kunyonya, maana mama yake Bi Mize ndiye aliyemnyonyesha Bi Rukia alipokuwa mchanga. Kwa dini na kwa mapenzi ni dada yake. Lakini miaka sita iliyopita, kwenye harusi, waligombana juu ya sufuria, na Bi Mize akasema mbele ya watu:

"Rukia ni hodari jikoni kwake tu. Mtoe Malindi, hata chai itamshinda mpaka akaombe moto kwa jirani."

Bi Rukia akaapa pale pale: "Basi sitokanyaga kwako ila nije na jiko langu na moto wangu."

Watu walidhani ni maneno ya harusini. Miaka sita ikapita, wala huyu hakwenda, wala yule hakuja. Kisha tukasikia kwamba Bi Mize ameshikwa na homa, imeondoka, lakini imeondoka na ladha ya kinywa chake. Kila anachotia mdomoni anaona kama anatafuna karatasi. Hali chochote, na anakonda. Habari hii ilimfika Bi Rukia siku ya Ijumaa. Jumatatu alikuwa keshanunua gari.

Mnalijua gari lenyewe: lile basi dogo la Mzungu aliyekuwa akiishi ndani yake, lenye kitanda, beseni la kuoshea vyombo na jiko la gesi la mafiga mawili. Mie nilichaguliwa kuwa dereva kwa sababu nnajua kuendesha chochote chenye usukani na kwa sababu wakati wote huwa sina kazi. Tena niliwahi kumwambia Bi Rukia kwamba mie ni mtu wa gesi. Si uwongo. Nilibeba mitungi ya gesi bandarini kwa siku kumi na mbili.

Malindi hadi Darajani

Hapa ni mwendo wa kumaliza kashata moja. Sisi ulituchukua asubuhi nzima.

Jiko la gari lilikuwa zima, lakini mtungi wake ulikuwa mtupu. Ulikuwa mfupi, wa mviringo, mnene kama boga, na ulikaa ndani ya kabati lake maalumu nyuma ya gari, lenye mlango wa nje. Chini ya kabati kulikuwa na tundu. Nikadhani ni kutu imekula, nikaliziba kwa tambara.

Mwenye duka la gesi Darajani ni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliutazama ule mtungi, akaugeuza, akasoma maandishi yake.

"Umetoka wapi huu?"

"Ulaya."

"Basi kaujazeni Ulaya."

"Mzee wangu, gesi si gesi?"

"Gesi ni gesi, lakini koo si moja. Huu hauna ndugu hapa. Mimi nnabadilisha: lete mtupu, chukua uliojaa, rangi kwa rangi. Huu nikikupokelea nitampa nani?" Akainama akatazama ndani ya kabati. "Na tambara hili kaweka nani?"

"Mie. Kulikuwa na tundu."

"Litoe. Gesi ikivuja hairuki kama moshi, inashuka chini kama maji. Tundu lile ndiyo njia yake ya kutokea. Wewe umeiwekea gesi kizibo ikusubiri ndani."

Bi Rukia alinitazama. "Si ulisema wewe ni mtu wa gesi?"

"Nilikuwa naibeba, Bi Rukia. Sikuwa naiziba."

Basi tukawa hatuna budi kuchagua mtungi mpya. Mzee akatutolea mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa kilo kumi na tano, mrefu. Kabati lilikataa hata kuufikiria. Wa pili ulikuwa wa chuma, kilo sita, mwekundu, umebonyea ubavuni kama uliowahi kupigana. Wa tatu, jamani, wa tatu haukuwa wa chuma. Ulikuwa wa kitu kama plastiki ngumu, mwepesi, na ukiuelekeza kwenye mwanga unaiona gesi ndani ikichezacheza.

Nnakiri kwamba nilipouona huo niliishiwa na akili. Niliacha shule darasa la sita, na nnaamini somo la gesi lilikuwa darasa la saba. Siku zote nilidhani mtungi wa gesi umejaa upepo. Kumbe ndani ni maji! Maji yanayowaka!

"Chukueni mwekundu," alisema mzee. "Mtungi hauchaguliwi kwa sura. Uliza kwanza, huko nnakokwenda nitaubadilisha kwa nani? Huu mwekundu mpaka Makunduchi mtaukuta. Huu wa kuonekana ndani ni mzuri, lakini nje ya mji hauna jamaa."

Bi Rukia naye aliutaka mwekundu. Mie ndiye niliyesema. Nilisema kwamba mtungi wa chuma unakudanganya, hujui umebaki na nini, utazimika sufuria ikiwa juu ya moto. Nilisema kwamba mpishi wa daraja lake hawezi kupika kwa kubahatisha. Nilisema mengi. Mwisho akasema, "Haya, wewe ndiye fundi," na mwenye duka akavua miwani akaifuta, kama mtu asiyetaka kuona yatakayofuata.

Nao huo haukuingia kwenye kabati. Tukausimamisha kwenye keria ya nyuma, tukaufunga kwa kamba za mpira, na mpira wa gesi tukaupitisha dirishani. Kabati likabaki tupu. Bi Rukia akatia vitunguu.

Darajani hadi Amani

Tulisimama Amani kupima uvujaji, maana mzee alituonya tusifunge safari kabla ya kupima. Nikatoa kiberiti. Bi Rukia akanipiga mkononi kwa mwiko, na mwiko wake ni wa mpingo.

"Povu la sabuni, mwana kulaaniwa!"

Akakoroga sabuni yake ya kuogea, ile ya harufu ya mawaridi, akapaka povu kwenye kifungio ambapo mpira unakutana na mtungi. Povu likatoa mapovu mengine, makubwa, yakitutumka. Ulikuwa unavuja. Fundi mmoja wa majiko pale jirani akatupa kipande cha raba cha kuweka katikati, akafunga, tukapaka tena, povu likatulia. Sehemu yote ikanukia kama bibi harusi.

Balaa ni kwamba siku hiyo palikuwa na mpira uwanjani. Watu wanatoka, wanaona basi limefunguliwa dirisha, ndani jiko, mwanamke mwenye mwiko, na nyuma mtungi. Nilipoinua kichwa, tayari kulikuwa na foleni.

"Bi mkubwa, chipsi mayai moja," alisema wa mbele.

"Mimi si muuza chipsi!"

"Basi mishikaki."

"Nnakwenda kumwona dada yangu mgonjwa!"

"Mungu ampe afya. Urojo je, hakuna?"

Ningeweza kuwaondoa. Lakini mmoja wao aliuona mtungi akasema, "Yakhe, ndani mna maji!" nami nikaona hii ni fursa ya kuelimisha. Nikawaambia waangalie mstari ulipo, kisha nikamwomba Bi Rukia abandike birika, tuone kama mstari utashuka. Kwa birika moja haukushuka. Tukabandika la pili. Watu kama ishirini walikunywa chai ya rangi yenye iliki, wakiinama mmoja mmoja kutazama mstari. Kwenye birika la nne mtu akapiga kelele, "Umeshuka!" na watu wakashangilia kuliko walivyoshangilia uwanjani.

Bi Rukia alijifanya amekasirika, lakini nilimwona akihesabu vikombe kwa macho. Kupikia wageni nje ya Malindi, hakuwahi. "Umesikia," aliniambia tulipoondoka, "yule wa kofia nyekundu kasema chai kama hii hajawahi?"

Amani hadi Jozani

Kutoka mjini mpaka Kizimkazi ni safari ya saa moja na nusu. Sisi tulitumia siku tatu, nami sasa najua kwa nini, ila wakati ule sikujua. Bi Rukia kila penye kivuli alitaka tusimame. Siku ya pili, Jozani, penye msitu, alisema kichwa kinamgonga, tukakaa mpaka alasiri. Kima wakashuka, mmoja akaingia kwenye kabati la gesi, akachagua vitunguu viwili akaondoka navyo. Bi Rukia akamfokea kwa Kiarabu, lugha ambayo mie nilidhani hana.

Walinzi wawili wa msitu walikuja kutazama mtungi. Shaka lao lilikuwa kama langu: ikiwa ni maji, mbona yanatoka upepo? Nikawaonyesha. Mabirika mawili.

Njia panda ya Kitogani, kulia ni Kizimkazi, kushoto ni pwani ya mashariki. Nikawasha taa ya kulia.

"Kushoto," alisema Bi Rukia.

"Kizimkazi ni kulia."

"Nnajua ilipo Kizimkazi kabla hujazaliwa. Kushoto. Nataka kuona bahari ya upande ule."

Mtu aliyezaliwa hatua hamsini kutoka baharini, anataka kuona bahari. Nikakata kushoto, na ndipo nilipofahamu kwamba Bi Rukia alikuwa anaogopa.

Jambiani

Tulilala Jambiani, na asubuhi wakaja akina mama wa mwani. Maji yalikuwa yamekupwa, wao wanatoka kwenye mashamba yao ya baharini, viroba kichwani, nguo zimerowa mpaka kiunoni. Mmoja, Bi Mwaka, mrefu, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya maji, akasimama nyuma ya gari.

"Shikamoo, Bi," nikasema.

"Marahaba. Nini hiki mmekifunga kama mbuzi wa Idi?"

Nikampa maelezo yangu yote, nilikuwa nimeshayapanga vizuri. Mstari, mwanga, maji yanayogeuka upepo. Nikabandika birika. Bi Mwaka akasikiliza mpaka mwisho, akanywa chai, akasema, "Njoo kwangu."

Kwake jikoni kulikuwa na mtungi wa chuma, mwekundu, mkuukuu. Akachukua kikombe cha maji ya moto, akaumwagia ubavuni, akanishika mkono akaupitisha kutoka juu kuja chini. Juu chuma kilikuwa cha moto. Katikati, ghafla, kikawa baridi kama kaburi.

"Hapo ndipo gesi ilipofika," alisema. "Penye gesi, chuma hakipati moto upesi. Sasa wewe umenunua mtungi wa macho ya nini, na mkono unao?"

Wenzake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mie sikucheka, nilikuwa napitisha mkono mara ya tatu. Nilimwomba animwagie tena. Kama shule ingekuwa hivi, ningefika chuo kikuu.

Walitulisha muhogo na pweza wa nazi, na Bi Rukia akamuuliza Bi Mwaka, sauti ya chini, kama anafahamu habari za Kizimkazi, za Bi Mize.

"Mkwewe Mize yuko hapa kijijini, habari tunazipata," alisema Bi Mwaka. "Mize hali kitu. Walimpa supu ya pweza, kasema maji. Walimpa asali, kasema maji. Sasa hata kuonja anakataa, anasema kwa nini ajitie majonzi."

Bi Rukia akaweka muhogo wake chini. "Sefu," aliniambia, "washa gari."

Niliporudi nyuma kufunga keria nikatazama mstari. Ulikuwa umebaki unene wa kidole. Mabirika yangu ya elimu! Nikachukua kanga ya Bi Rukia nikaufunika mtungi, nikasema ni kwa ajili ya jua.

Makunduchi

Sikumwambia. Nilitumaini nitabadilisha Makunduchi kimya kimya. Nikamwacha kwenye kivuli, nikaenda na gari duka la kwanza, la pili, la tatu. Yote yana gesi, yote mitungi myekundu. Mwenye duka la tatu alitoka nje, akanyanyua kanga, akachungulia, akaita mkewe aje aone.

"Mzuri," alisema mkewe. "Kwao wapi?"

"Darajani."

"Basi kaujazeni Darajani."

"Niuzie mwekundu mzima, mpya."

"Wa kuuza sina, nina wa kubadilisha. Lete mtupu wa rangi hii."

Niliporudi na gari kivulini, kabla sijafunga mlango Bi Rukia alikuwa amekwisha kutoa kanga, amekaa juu ya ndoo mbele ya mtungi, anautazama kama mtu anayetazama saa.

"Unene wa kidole," alisema.

"Kidole gumba," nikasema.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema, "Tukifika kule moto ukazimika, usizime gari. Geuza, tunarudi mjini. Mie siombi moto kwa Mize. Nikiomba, atakuwa amesema kweli mbele ya watu wote, na kipindi chote hiki nitakuwa nimemkosa dada yangu bure."

Nikaenda pembeni nikampigia Vuai. Huyu tulibeba naye mizigo Malindi, sasa anachukua wageni na boti kwenda kutazama pomboo Kizimkazi. Alikuwa baharini, upepo unavuma, injini inanguruma.

"Vuai! Nitafutie mtungi!"

"Nini?"

"Mtungi! Mkubwa, uliojaa!"

"Umejaa?"

"Mpaka juu! Na usiwe unavuja!"

"Mtungi wa kuvuja una faida gani?"

"Na ukiuleta uwe umesimama, usiulaze!"

"Sefu, nani kakwambia huku watu wanalaza mitungi?"

"Uulete kwa Bi Mize alasiri. Ni wa Bi Rukia, bibi wa mjini!"

"Aaa, wa Bi Rukia! Basi ngoja niufukize kwanza."

Simu ikakatika. Njia nzima nilikuwa nafikiria, kuufukiza kwa nini? Nikaamua kwamba huenda watu wa Kizimkazi wanapima uvujaji kwa moshi. Kila mahali na ufundi wake. Nikaufurahia ugunduzi huo, na nikamwambia Bi Rukia asiwe na wasiwasi, moto wa akiba unakuja.

Kizimkazi

Nililiegesha gari mbele ya nyumba ya Bi Mize, mlango wa gari ukitazamana na mlango wa nyumba. Dirisha la nyumba lilikuwa wazi nusu, na nyuma ya pazia palikuwa na mtu amekaa. Bi Rukia alimwona. Mtu yule alimwona Bi Rukia. Hapakuwa na salamu, si huku wala kule. Majirani wakaanza kutoka na kazi zao za mikono, mwenye kusuka ukili, mwenye kuchambua mchele, wakakaa vibarazani kama watu waliokuja kwa bahati.

Bi Rukia akafunga kanga kiunoni akawasha jiko.

Sijawahi kumwona mtu akipika namna ile. Alikaanga vitunguu mpaka harufu ikaenda kwenye nyumba ya sita. Akachanganya kuku na mtindi, na tangawizi, na viungo alivyovitwanga kwa mkono njia nzima. Figa moja rojo, figa la pili wali. Mie nilisimama nyuma, nikiutazama mstari. Kidole gumba. Kidole cha shahada. Kidole cha mwisho. Aliuchuja wali ukiwa nusu umeiva, akapanga sufuriani rojo chini na wali juu, akanyunyiza zafarani, akafunika. Sasa ilitakiwa moto mdogo, wa taratibu, kidogo tu.

Jiko likasema *puh*.

Mtungi ulikuwa mweupe mpaka chini, msafi kama ulivyotoka kiwandani. Hakika ulionekana ndani vizuri.

"Anakuja," nikasema. "Vuai anakuja na mtungi, yule pale!"

Vuai alikuwa anakuja kweli, taratibu, amejitwika mzigo begani umefunikwa kitambaa cheupe, anatembea kama amebeba mayai. Akautua mbele ya Bi Rukia kwa heshima, wima, akafunua kitambaa.

Ulikuwa mtungi wa udongo. Mkubwa, wa mviringo, unatoka jasho la ubaridi, umejaa maji mpaka juu, na kata ya kifuu juu yake. Harufu ya ubani ilitoka mle kama ndani ya nyumba yenye maulidi.

"Karibu shamba, Bi Rukia," alisema Vuai. "Nimeufukiza mwenyewe."

"Vuai. Mtungi. Wa gesi!"

"Gesi?" Vuai alinitazama kama nimepungukiwa. "Ungesema gesi ningekuletea gesi, ninayo nyumbani. Huku kwetu gesi ni gesi, na mtungi ni mtungi. Umesema umejaa, umejaa. Umesema usivuje, hauvuji. Nimeutembeza wima kutoka kisimani, bega hili silisikii!"

Majirani waliangua kicheko. Bi Rukia hakucheka. Alivua kanga kiunoni, akaikunja mara mbili, akaingia ndani ya gari akakaa kiti cha mbele.

"Geuza," alisema.

Nikashika ufunguo. Na hapo tukasikia kutoka dirishani kicheko kimoja kilichochelewa, chembamba, chenye kukatika kwa kikohozi. Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Akatoka Bi Mize, mkavu kama ubua, ameshikilia ukuta kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na koleo, na kwenye koleo makaa ya vifuu yamewiva mekundu.

Alipita mbele ya gari bila ya kututazama, akapanda kidato cha mlango kwa tabu, na yale makaa akayapanga juu ya mfuniko wa sufuria, moja moja. Kisha akarudi ndani kwake akatoka na mengine.

"Sikuomba moto," alisema Bi Rukia kutoka kiti cha mbele, bila kugeuka.

"Nani kasema umeomba?" alisema Bi Mize. "Nnakupalia tu. Tokea lini wewe ukapika biriani bila moto wa juu? Au huko mjini mshasahau kupalia?"

"Mie nisahau kupalia?"

"Mie nilisema utaomba moto wa chai, na chai ni moto wa chini. Wa juu sikuutaja. Na kama hujasikia, waulize waliokuwepo."

Bi Rukia akageuka. "Makaa umeyarundika upande mmoja. Utaniunguzia."

"Basi njoo uyapange mwenyewe."

Akashuka. Wakasimama wawili mlangoni mwa gari, wakigombea koleo, huyu akisogeza kaa huku, yule akilirudisha kule. Tulisubiri. Tulikunywa maji ya mtungi, baridi, yenye ubani, na nnaapa sijawahi kunywa maji nikayakumbuka mpaka siku ile.

Biriani ilipofunuliwa mvuke ulipanda mpaka vibarazani. Bi Rukia akampakulia dada yake kisahani kidogo, akakaa mbele yake. Bi Mize alikitazama kama mtu anayetazama bahari siku ya baridi. Akatia tonge moja. Akatafuna muda mrefu. Akameza.

"Chumvi imepungua," alisema.

Vuai akanikanyaga mguu. Mie nikatafuta ufunguo wa gari mfukoni, maana nilijua sasa tunageuza kweli.

Bi Rukia alijifunika uso kwa mtandio. Mabega yalikuwa yanatikisika, na sikujua kama ni kicheko au kilio mpaka aliposema:

"Imepungua, ee? Umeisikia? Sema tena, Mize."

"Imepungua," alisema Bi Mize, sasa naye ameshtuka, ameshika mdomo wake kwa vidole. "Na iliki imezidi."

Kurudi

Nilirudi peke yangu asubuhi ya pili. Ule mtungi wa udongo Bi Mize alisema lazima niuchukue, ni zawadi ya barazani, nanyi mmekuwa mkiyanywa maji yake bila ya kuuliza yametoka wapi. Nilihangaika pa kuuweka. Kitandani ulibingirika, kila kona uligonga. Mwisho, kwa kukata tamaa, nikafungua kabati la gesi. Uliingia kama ulifinyangwa kwa ajili yake, wima, haukutikisika hata kwenye mashimo ya Tunguu, na yale matone yaliyomwagika yakatoka kwa lile tundu la chini.

Ule wa kuonekana ndani nimeurudisha Darajani. Mzee wa miwani ameupokea, akanipa mwekundu uliobonyea, na nimepitisha mkono juu yake kwa maji ya moto mpaka wateja wake wakaniomba nipishe.

Bi Rukia kanipigia simu jana. Anasema Bi Mize sasa anakula mara tatu, na kila chakula analalamika.

"Kila siku ananiambia chumvi imepungua," alisema.

"Basi si umuongezee, Bi Rukia?"

"Wewe hujui kitu, Sefu," alisema, kisha akashusha sauti, maana nadhani dada yake alikuwa chumba cha pili. "Mie ndiye ninayeipunguza. Nataka nimsikie akisema."